Moto wa Mwani Jikoni kwa Bi. Zuhura

Harufu ya yai viza ikitokea jikoni, mtu wa kawaida hulitafuta yai alitupe. Mimi kwa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikiifurahia harufu hiyo, kwa sababu kwetu ilikuwa na maana kwamba tangi linafanya kazi. Mume wangu amenivumilia sana. Sasa nimerudisha funguo za karakana, na nyinyi vijana mliobaki mmeniomba niwaandikie mambo muhimu. Vipimo mnavyo, vimo kwenye kabati la kijani. Habari za nilivyopanda cheo hazimfai mtu. Nitawaandikia ile miaka ya mwanzo tulipokuwa tunajifunza kutoa gesi ya kupikia kwenye mwani, maana ndiyo miaka niliyofanya kosa langu kubwa, na ndiyo ninayojivunia kuliko yote.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha maabara, nina buibui jipya na viatu vya kisigino. Kituo chetu kilikuwa Kizingo, Mombasa, na kwa kuwa Kizingo ni mtaa wa watu wenye bustani na mageti, nilidhani naenda kukalia kiti kinachozunguka. Aliyenipokea ni Mzee Wambua, Mkamba mfupi aliyefanya kazi reli kwa miaka mingi, fundi wa mitambo ya mvuke, kabla ya kuja kwetu. Aliviangalia viatu vyangu, akaingia stoo akatoka na gambuti za mwanamume na uma wa shamba.

"Karibu kazini, binti," akasema, akanionyesha rundo la mwani lililomwagwa na lori, refu kunipita.

Nilianza kupakua. Baada ya dakika chache nikasimama. Mimi ni mzaliwa wa Tiwi, na nimekua nikiokota vitu pwani kabla sijajua kusoma. Lile rundo zaidi ya nusu halikuwa mwani.

"Mzee," nikamwambia, "hizi ndefu kama utepe ni nyasi za baharini. Haziozi upesi, ni ngumu. Mwani wenyewe ni huu laini wa kijani, na huu wa kahawia."

Aliokota utepe mmoja akaukunja vidoleni. "Miezi miwili naweka nyasi kwenye tangi, linaziba, nalizibua, linaziba tena. Na vibarua wote hapa ni watu wa pwani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Labda walikuwa wanakuheshimu, mzee."

"Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu aaibike?"

Tangu siku hiyo alinifundisha kila alichokijua, nami nikamfundisha bahari, ambayo alikuwa akiiogopa kama paka.

Tangi lilikuwa jepesi kulielewa. Lilikuwa shimo la duara lililojengwa kwa mawe na saruji, na juu yake pipa kubwa la chuma limefudikizwa, linaelea. Pipa hilo tuliliita kofia. Mwani uliokatwakatwa huingia upande mmoja, unaozea ndani pasipo hewa, gesi inakusanyika chini ya kofia, na kofia inapanda. Mzee Wambua aliipaka kofia mistari myeupe ubavuni, na kila asubuhi aliitazama mistari kabla ya kumsalimu mtu. Kofia ikiwa imepanda, alikuwa na maneno mengi na hadithi za reli. Ikiwa imelala, ulijua usimsemeshe mpaka chai ya saa nne.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa kipande cha sabuni. Kila kiungo cha bomba alikipaka povu na kukichungulia, na povu likivimba hata kidogo alikaza. Alinifundisha pia jambo ambalo naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Ile hewa ya yai viza inaua. Ukiinusa, uko salama kiasi. Siku uko juu ya tangi na harufu imepotea ghafla, usishangilie, kimbia, kwa sababu imekuwa nyingi mpaka imeiua pua yako kwanza.

Majirani hawakuyajua hayo, wala hawakutaka kuyajua. Siku moja mlinzi wa nyumba ya pili alikuja na ujumbe kutoka kwa mama mwenye nyumba, akauliza kwa adabu ni lini tutamzika yule nguva aliyetufia uani. Mzee Wambua akaona haya. Alishuka Shimanzi kwenye karakana zinazokereza vyuma, akarudi na gunia la yale masokoto ya chuma wanayoyatupa. Tuliyamwagia maji, tukayaanika juani mpaka yakala kutu, tukayajaza kwenye debe na kupitisha gesi humo. Harufu ikaisha. Kutu ikishakuwa nyeusi unaitoa, unaianika, inarudi nyekundu, unaitumia tena. Hakuna kitabu chochote kituoni kilichokuwa na jambo hilo. Alilikumbuka kwenye kichwa chake, nami naliandika hapa ili ijulikane ni la nani.

Kulikuwa na shida moja tuliyoizoea mpaka tukaacha kuiona kuwa ni shida. Tangi jipya huhitaji mbegu, yaani tope lenye vijidudu vinavyotafuna na kutoa gesi, na vitabu vilisema mbegu ni samadi ya ng'ombe. Tulikuwa tukiitoa kwa mfugaji mmoja wa Changamwe. Lakini vijidudu vya ng'ombe havipatani na chumvi, kwa hiyo ilibidi mwani uoshwe kwa maji matamu mara tatu. Mombasa na maji yake mnaijua. Kulikuwa na siku mwani ulioga na sisi hatukuoga.

Mwaka wangu wa tatu tukapata jiko la kweli. Katika Mji wa Kale, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, kulikuwa na nyumba ya kulea wasichana mayatima. Mpishi wao alikuwa Bi. Zuhura, mjane mwembamba aliyekuwa akipikia kuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na macho yake yalikuwa mekundu muda wote. Mkubwa wetu kituoni, mhandisi kijana kutoka bara, mtu mwema mwenye haraka nyingi, alikubaliana na wenye nyumba tujenge tangi uani kwao. Wageni waliokuwa wakigharimia kazi yetu wangekuja kuliona. Wakiridhika, kazi ingeendelea. Wasiporidhika, kituo kingefungwa, na sisi sote twende zetu.

Siku ya kwanza Bi. Zuhura aliniita kando.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, Bi. Zuhura."

"Hebu nambia wewe, Mwislamu mwenzangu. Ndani ya tangi lile mwatia nini?"

"Mwani na maji, Bi."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nilijua vizuri alichokuwa akiuliza. Kwetu samadi ni najisi, ikikugusa nguo huswali nayo mpaka uioshe, na mtu mwenye jiko safi hawezi kuikaribisha karibu na chungu. Nilijua pia kwamba tungeanzisha tangi kwa ndoo kadhaa za tope la Kizingo, na tope hilo asili yake ilikuwa Changamwe kwa yule mfugaji. Nikajiambia kwamba hamira haihesabiwi kuwa unga. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mfano.

Tangi lilikataa. Karatasi za kupimia uchachu zilibadilika rangi siku baada ya siku, dalili kwamba linazidi kuchacha, na kofia ikalala. Mhandisi akaamua samadi mbichi iongezwe, mapipa mawili. Ililetwa kwa mkokoteni, imefunikwa magunia, saa ambayo Bi. Zuhura huwa sokoni. Mzee Wambua alikuwa amelazwa na malaria wiki hiyo, na ninaamini angekataa. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama uchochoro, kama anarudi niwape ishara. Nilikuwa mlinzi wa wezi, na nilichokuwa nikiiba ni imani ya mwanamke mzima.

Baada ya muda kofia ikapanda, na moto ukawaka wa buluu, mzuri ajabu. Wasichana wakapiga vigelegele. Bi. Zuhura akakoroga maharagwe yake, akanishika mkono.

"Leo nimepika na mato yangu hayakulia," akasema. "Nitakuombea kila sala, mwanangu."

Na akafanya hivyo. Kila nilipokwenda kusoma kipimo alinihesabia dua alizoniombea: nipate mume, nipate afya, nipate Makka. Nilianza kupita mlango wa nyuma.

Ijumaa moja nikavuka kwenda kwetu Tiwi. Baba yangu alikuwa maalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa akishona ukanda wa kiatu chake. Nikamwambia kuna mtu ofisini kwetu ana swali, nikamsimulia.

Alikata uzi kwa meno. "Juu ya moshi wa kitu najisi, wanavyuoni wamehitilafiana," akasema. "Juu ya uwongo hawakuhitilafiana. Mwambie huyo mtu wa ofisini kwenu."

Akanitazama kwa namna iliyonifanya nikumbuke ghafla kwamba nitachelewa feri.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Bi. Zuhura akichambua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kumtaja mhandisi, kwa sababu aliyeulizwa ni mimi na aliyejibu ni mimi. Hakupiga kelele. Aliinuka akafunga koki kwa mkono wake, akavishusha vyungu vyote, akaanza kuvitoa uani kimoja kimoja avioshe. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko.

"Hukunilisha mimi peke yangu," akasema mwishowe. "Umewalisha mayatima."

"Nisamehe, Bi."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Nikageuka niondoke. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita, sauti yake kali kuliko mwanzo.

"Na jambo moja nieleze, wewe uliyesoma. Mwani ukioza kule baharini, huenda ukatafuta ng'ombe?"

Niliyarudia maneno hayo njia nzima mpaka Kizingo. Mhandisi alipopata habari alipandwa na hasira, na sikumlaumu. Wageni walikuwa waje baada ya miezi miwili na jiko limezimwa kwa mdomo wangu. Aliniambia nikiwa na dawa basi niilete, na nisipokuwa nayo nianze kutafuta kazi kwingine. Nikamwendea Mzee Wambua, aliyekuwa amepona na ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza kosa langu na swali la Bi. Zuhura.

Kuhusu kosa alitikisa kichwa tu, na kule kutikisa kuliniuma kuliko makelele ya mhandisi. Kuhusu swali alivua kofia yake ya reli akajikuna kichwa.

"Huyo mama angekuwa fundi mkubwa," akasema. "Kweli. Nani anauozesha mwani baharini?"

Hapo ndipo nilipoliona jibu, na nilikuwa nalijua tangu utotoni. Ukisimama kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, tope jeusi hutoa mapovu lenyewe. Mapovu yale ni gesi. Vijidudu vimo mle tangu dunia iumbwe, na vimezaliwa kwenye chumvi.

Tulikwenda kwenye mikoko ya upande wa Tudor siku ya pili yake, na galoni mbili. Hatua ya tatu, Mzee Wambua akazama mpaka magotini. "Mimi ni mtu wa reli," akawa anasema nikimvuta. "Reli haimezi mtu!" Nilicheka mpaka nikaketi kwenye tope, mara ya kwanza kucheka baada ya wiki mbili.

Hatukwenda mbio. Tulichukua chupa tatu za soda, tukazitia mwani uleule ambao haukuoshwa kabisa, na kila chupa tukaivalisha puto la watoto mdomoni. Ya kwanza tuliitia samadi, ya pili tope la mikoko, ya tatu mwani mtupu. Siku za mwanzo puto la samadi lilisimama na la tope likalala, na mhandisi alipita akatazama akaenda zake. Kisha samadi ikachoka, kwa ile chumvi. Tope likaanza taratibu, likaendelea, na asubuhi moja puto lake lilikuwa limejaa mpaka limeng'aa. Mzee Wambua alilizunguka mara mbili kisha akanipa mkono, kama ninavyowaona wanaume wakipeana. Tangu siku hiyo hatukuosha tena mwani kwa maji matamu. Ndiyo maana mpaka leo mnachota mbegu mikokoni.

Nilirudi kwa Bi. Zuhura, safari hii kwa mlango wa mbele. Nikamweleza, naye hakuchukua neno langu.

"Nipeleke nikaone."

Akaja mwenyewe, kafunga buibui kiunoni, akipita kwenye mizizi ya mikoko kwa wepesi uliomwaibisha Mzee Wambua. Akauliza mtaro wa maji machafu unatokea wapi. Tukamwonyesha, ulikuwa mbali. Akasema hautoshi umbali huo, akatupeleka mbele zaidi, na tulipofika akachota tope kwa kidole akalinusa.

"Hili lanuka bahari," akasema. "Chukueni." Na galoni moja akabeba yeye.

Lakini lile tangi lenye samadi lilibidi kwanza litakaswe. Tulilimwaga lote, tukaondoa kofia, tukaliacha wazi siku tano. Mzee Wambua akashusha kuku mzima ndani ya kikapu akamwacha chini nusu saa. Kuku alipotoka anapiga kelele za hasira, ndipo niliporuhusiwa kuingia, nimefungwa kamba kiunoni na yeye kashika ncha nyingine. Nililisugua kwa brashi na chokaa siku nzima, kila jiwe, na kusuuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bi. Zuhura alikuwa akija ukingoni kuchungulia. Safari moja aliniletea maji ya kunywa.

Siku ya wageni ilifika na kofia imepanda vidole vinne tu. Nyinyi mnajua, gesi ya mwanzo haishiki moto. Inahitaji siku zake. Mhandisi alinivuta kwenye ngazi.

"Mwanamisi, kuna mtungi wa gesi ya duka kwenye gari. Ni kuunganisha mpira mmoja tu, nyuma ya ukuta. Hawatajua."

Hakuwa mtu mbaya. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimwambia sitaki, na kwamba akiuunganisha nitawaambia mbele yake. Niliipenda kazi ile, na nilijua ninachokitupa.

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja wa Nairobi mwenye miwani. Nikafungua koki, nikawasha njiti. Ikazima. Ya pili ikazima. Ya tatu nayo. Nikawaeleza kwamba gesi bado haijakomaa na kwa nini, na kwamba itawaka, ila si leo.

Yule mama wa miwani akamgeukia mpishi. "Mama, wewe unayepika hapa. Unaamini kwamba moto huu utawaka?"

Bi. Zuhura alijifuta mikono kwenye leso yake bila haraka.

"Mambo ya gesi mimi siyajui," akasema. "Huyu namjua. Alinitilia mavi ndani ya tangi, kisha akaja kunambia mwenyewe, na hapana mtu angejua. Akisema moto utawaka, mimi naosha mtele."

Mmoja wa wageni alikohoa kuficha kicheko. Yule mama hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya nne baada ya hapo, saa tatu asubuhi, niliwasha njiti na moto ukashika. Ulikuwa mdogo, ukapepesuka, ukasimama. Mzee Wambua alivua kofia yake ya reli akaishika kifuani. Mimi nililia, na naandika hivyo bila haya. Bi. Zuhura akatia chungu motoni kana kwamba ni siku kama nyingine.

Mchana wasichana walipoketi kwenye jamvi, masinia ya wali yametengwa, alinitoa kwenye kona nilikokuwa nimejibanza akanisimamisha mbele yao.

"Mwamuona huyu?" akawaambia. "Leo mumepikiwa na yeye. Mimi nimekoroga tu."

Wakasogea wakanipa nafasi. Nikanawa mikono, nikaketi katikati yao, nikala mpaka sinia likabaki jeupe.